Nani Hujenga Vihenge vya Mafuta Mwilini?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani wa shule yetu waliokutana hapa Bariadi. Tunaichapa kama ilivyosomwa.)



 Katibu aliponiandikia barua alisema nichague jambo lolote nililojifunza tangu nilipotoka hapa, mradi lisizidi muda na lisiwe siasa. Mimi ni Bwana Mifugo, kama wazee wanavyotuita mpaka leo, na nadhani wengi wenu mlitegemea nizungumze juu ya josho na chanjo. La, nitazungumza juu ya mafuta. Sisemi mafuta ya taa wala ya kupikia, bali haya tunayoyabeba wenyewe chini ya ngozi, ambayo leo asubuhi, wakati wa picha ya pamoja, yalimlazimu mpiga picha arudi nyuma hatua tatu.

Naona mnacheka. Chekeni kidogo tu, maana sababu iliyonifanya nichague jambo hili haichekeshi.

Katika mkutano wetu wa miaka mitatu iliyopita tulifanya mchezo wa kulinganisha picha. Kila mmoja alisimama kando ya picha yake ya Kidato cha Nne. Karibu wote tulikuwa tumenenepa, tukataniana kwa vitambi. Mwenzetu mmoja tu hakuwa amebadilika. Alipokuwa hapa shuleni alikuwa mkimbiaji wetu wa meta 1,500, na siku ile mwili wake ulikuwa uleule. Tulimpigia makofi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kipaza sauti, nikasema: "Huyu kisukari hakimpati; labda apeperushwe na upepo." Watu wakacheka, naye akacheka.

Siku ile alikuwa tayari na kiu isiyokatika, na usiku aliamka mara nne kwenda haja ndogo. Haya niliyajua baadaye. Alipozidi kukonda majirani walianza kunong'ona, kama mjuavyo tunavyonong'ona mtu akikonda. Akapima virusi vya ukimwi mara mbili, asionekane navyo. Akanywa dawa za miti shamba za kusafisha tumbo. Sukari hakupima, kwa sababu alijua, kama sisi sote tulivyojua, na kama nilivyomhakikishia mimi mbele ya watu, kwamba kisukari ni ugonjwa wa wenye vitambi. Ulipita mwaka na zaidi. Alipoanguka na kupelekwa hospitali alikuwa na kidonda cha mguu kilichokwisha oza, na ilibidi vidole viwili vikatwe.

Mwenzetu yupo nasi leo, na ameniruhusu niseme haya bila kutaja jina lake. Nilipokwenda kumwona aliniuliza swali moja: "Wewe ulisomea wanyama pale Sokoine. Hebu nieleze, ugonjwa wa wanene umenipataje mimi nisiye na mafuta?" Sikuwa na jibu. Haya nitakayoyasema leo ndiyo jibu langu, kwa kadiri nilivyoweza kulitafuta.

MAFUTA NI AKIBA

Ndugu zangu, sisi watu wa huku hatuhitaji kufundishwa maana ya akiba. Wazee wetu walitenga ngitiri, majani yasiyoguswa mpaka kiangazi kiwe kikali. Walikausha viazi vikawa michembe, wakakausha majani ya kunde yakawa nsansa, na mtama wakauweka kwenye kihenge. Kondoo wetu naye amejiwekea akiba yake mkiani. Masika hunenepa mkia, na kiangazi mkia hupungua naye akabaki hai.

Mafuta ya mwili ni akiba ya namna hiyohiyo. Hayamwagwi ovyo ndani ya mwili kama maji. Yamehifadhiwa ndani ya seli maalumu, kila seli ikiwa na tone moja kubwa la mafuta lililoijaza, hata kiini chake kikasukumwa pembeni. Hiyo ndiyo seli ya mafuta, nami leo nitaiita kihenge. Tukila, homoni ya insulini huamuru vihenge vijazwe. Tukikaa na njaa, insulini hupungua na vihenge hufunguliwa. Kihenge hiki hata hupeleka taarifa. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake huko Marekani waligundua homoni iitwayo leptini, ambayo seli za mafuta huituma kwenye ubongo kueleza akiba iliyobaki. Kwa hiyo mtu asidanganyike kuwa mafuta ni takataka. Asiyekuwa nayo kabisa ni mgonjwa.

Sasa chukueni mfano wa maksai anayenenepeshwa kabla ya kupelekwa mnadani. Tunampa mashudu ya pamba, pumba na majani makavu kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mwanzoni hujaza nyama. Baadaye mafuta yanaanza kuonekana chini ya ngozi, kuzunguka figo na katikati ya nyama. Mafuta hayo mapya yamewekwa wapi? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni vihenge vya zamani kutanuka, na ya pili ni kujengwa vihenge vipya. Njia ya kwanza ina mwisho, kwani kihenge hakiwezi kutanuka bila kikomo. Basi swali letu ni hili: vihenge vipya hujengwa na nani, na nani hutoa amri ya kuvijenga?

MASJALA YA MWILI

Kila mtumishi wa Serikali anaijua masjala. Humo yamo mafaili yote ya ofisi: ya ardhi, ya elimu, ya mifugo, ya watumishi. Afisa elimu hachukui mafaili yote. Huomba lake, na karani humtolea. Idara mbili zikitumia masjala moja bado kazi zao ni tofauti, kwa kuwa mafaili wanayoyafungua ni tofauti.

Mwili nao uko hivyo. Seli ya ini, seli ya msuli na seli ya mafuta zina masjala moja, yaani jeni zilezile elfu 20 hivi tulizozirithi kwa baba na mama. Tofauti yake ni mafaili yaliyofunguliwa. Wanaoyafungua ni protini za namna ya pekee. Huingia ndani ya kiini cha seli, zikashika mahali maalumu kwenye uzi wa jeni, zikaamuru: hii isomwe, ile isisomwe. Hizi ndizo protini zinazotawala jeni.

Chini ya ngozi yetu, na kandokando ya mishipa midogo ya damu, ziko seli changa ambazo bado hazina kazi maalumu. Zinasubiri. Zikipewa amri moja huwa seli za mafuta, na bila amri hiyo hubaki zilivyo. Kwa muda mrefu wataalamu hawakuijua amri hiyo, kwa sababu huwezi kuona ndani ya mtu seli moja ikigeuka.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1974 na 1975. Huko Massachusetts, Marekani, Howard Green na wenzake walikuwa wakikuza kwenye sahani za maabara seli zilizotoka kwenye vijusi vya panya. Waliona kwamba baadhi ya seli, zikisha kujaa sahani na kuacha kugawanyika, hujaa matone ya mafuta zenyewe. Mtafiti aliyeandika naye habari hizo aliitwa Kehinde. Nimelitaja jina hilo kwa makusudi. Kwa Wayoruba wa Nigeria, Kehinde ni jina la pacha wa pili kuzaliwa. Kwa maneno mengine, ndiye Doto wa kwao, na Kulwa wao huitwa Taiwo. Vijana mnaokaa nyuma mkidhani sayansi ya seli ni mambo ya majina ya Kizungu tu, likumbukeni jina hilo.

Baada ya seli zile kupatikana, watu waliweza kuchungulia hatua kwa hatua. Mwaka 1994 Peter Tontonoz na Bruce Spiegelman, huko Boston, walichukua seli za kawaida zinazotengeneza nyuzi za mwili, ambazo hazikuwa na nia yoyote ya kuwa seli za mafuta, wakazitilia protini moja tu inayotawala jeni. Zikageuka seli za mafuta. Protini hiyo inaitwa PPAR-gama. Mwaka 1999 maabara mbalimbali zilionyesha upande wa pili wa shilingi: panya asipokuwa na PPAR-gama, seli zake haziwezi kugeuka kuwa seli za mafuta. Basi tumempata fundi mkuu wa vihenge.

Lakini fundi mkuu hajiteui. Kwanza mwili hutoa ishara kwa homoni, kama insulini na zile za jamii ya kotizoni. Katika saa chache za mwanzo huamka protini mbili, C/EBP-beta na C/EBP-delta. Hizi ni kama wajumbe wanaokwenda kumwita fundi. Kazi yao ni kufungua faili la PPAR-gama na la mwenzake aitwaye C/EBP-alfa. Hawa wawili wakishaingia ofisini, kila mmoja hulifungua zaidi faili la mwenziwe, na kwa hiyo hata wajumbe wakiondoka kazi inaendelea. Ndipo mafaili mengine hufunguliwa moja baada ya jingine: la protini ya kupokea mafuta kutoka kwenye damu, la protini ya kuingiza sukari, la leptini. C/EBP-alfa ana jukumu la pekee la kuhakikisha kihenge kinaisikia sauti ya insulini. Asipokuwepo, kihenge hujengwa lakini hakitii.

Wako pia wazuiaji. Protini ziitwazo GATA-2 na GATA-3, kwa mfano, humzuia fundi mkuu asiingie kazini mpaka wakati wake ufike. Na si kwa panya peke yake. Protini hizi zimekutwa kwa kondoo, kwa nguruwe, kwa maksai wetu wa mashudu, na kwa binadamu.

Hapa nawaomba ruhusa niingize onyo moja. Nimetaja kotizoni. Wako watu wanaomeza vidonge vya jamii hiyo kwa siri, bila daktari, ili wanenepe mashavu na makalio. Ni kweli vinanenepesha, kwa sababu vinagusa amri hizihizi. Lakini pia vinapandisha sukari ya damu, vinadhoofisha mifupa, na mtu akiviacha ghafla anaweza kupoteza maisha. Tafadhali waambieni walio nyumbani.

MAVUNO YAKIZIDI VIHENGE

Sasa nafika kwenye swali la mwenzetu. Mnakumbuka msimu wa pamba nyingi. Ghala la chama cha msingi likijaa, marobota hulala barazani, mengine chumbani kwa mtu, mengine nje yakanyeshewa. Wa kulaumiwa ni nani hapo? Ghala limefanya kazi yake. Mavuno yamezidi nafasi.

Mtu anayekula kupita mahitaji yake siku zote huleta mavuno makubwa. Ikiwa PPAR-gama anaendelea kujenga vihenge vipya chini ya ngozi, mafuta hupata mahali pake pa halali. Ikiwa ujenzi umefika ukomo, mafuta humwagikia mahali pasipo pake: ndani ya ini, ndani ya misuli, kuzunguka matumbo, hata kwenye kongosho. Huko hufanya uharibifu. Ini na misuli huacha kuisikia insulini, na sukari ya damu hupanda.

Mnaweza kusema hayo ni maneno ya mfano tu. Basi sikilizeni ushahidi. Mwaka 1999 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watu wachache waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya PPAR-gama. Walikuwa na kisukari na shinikizo kubwa la damu, wengine wakiwa bado vijana. Baadaye ilionekana kwamba watu wa namna hiyo huwa na upungufu wa mafuta miguuni, mikononi na makalioni, huku ini lao likiwa na mafuta. Kwa maneno mengine, walikosa vihenge, na kwa kukosa vihenge waliugua ugonjwa uleule wa wenye vitambi.

Ushahidi wa pili uko dukani kwa mfamasia. Iko dawa ya kisukari iitwayo pioglitazoni. Dawa za jamii yake zilivumbuliwa kabla watu hawajajua zinafanyaje kazi. Mwaka 1995 iligundulika kwamba zinamshika PPAR-gama na kumwamsha. Mgonjwa akizitumia, mara nyingi uzito wake huongezeka, lakini sukari yake hushuka! Sababu yake mmekwisha ijua: vihenge vimeongezwa, na mafuta yametolewa kwenye ini yakarudishwa ghalani. Sisemi mkazinunue. Zina madhara yake, hasa kwa moyo na mifupa, na ni daktari pekee wa kuamua.

Ushahidi wa tatu sisi wenyewe tuliuona kwa macho. Dawa za kupunguza makali ya ukimwi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, moja ya zile za mwanzo ilikuwa stavudini. Iliokoa watu wengi sana, nasi hatuna budi kuiheshimu. Lakini baada ya muda baadhi yao walizama mashavu, mikono na miguu ikabaki mishipa mitupu. Majirani walisema ugonjwa umerudi. Haukuwa umerudi. Dawa ile ilikuwa inaharibu vinu vya nguvu ndani ya seli za mafuta, na hata zile protini zinazotawala ujenzi wake zilipungua. Wengine sukari na mafuta ya damu vilipanda. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache hatua kwa hatua, na leo wagonjwa wetu wanatumia dawa nyingine. Lakini ni wangapi walinong'onwa wakati ule kwa sababu tu hatukujua kwamba seli za mafuta nazo zinaweza kuugua?

JIBU LA DAKTARI

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilifurahi, nikaona nimekwisha pata jibu la mwenzetu: vihenge vyake ni vichache. Nikaenda kumweleza daktari anayemtibu, nikiwa na michoro yangu ya kalamu. Daktari alinisikiliza kwa adabu, kisha akanirudisha darasani.

Alisema: "Bwana Mifugo, hayo ni kweli kwa watu wengi, lakini mgonjwa wako si hivyo. Kongosho lake halitengenezi insulini ya kutosha." Alinieleza kwamba katika Afrika ya Mashariki kisukari cha watu wembamba si jambo la ajabu. Nchini Uganda, walipochunguza watu wazima waliogunduliwa na kisukari karibuni, karibu theluthi moja hawakuwa na uzito uliozidi, na tatizo lao kubwa lilikuwa ni upungufu wa insulini. Wala chanzo chake hakijulikani chote. Inajulikana kwamba njaa ya utotoni huacha alama yake: watu waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati wa njaa kuu ya Uholanzi ya 1944 na 1945, walipopimwa wakiwa na umri wa miaka 50 hivi, miili yao haikuimudu sukari sawasawa na ya wenzao.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniuliza, jibu langu ni la sehemu mbili. Vihenge vyako huenda ni vizima kabisa, na ni aliyepaswa kutoa amri ya kuvijaza, yaani insulini, ndiye aliyepungukiwa. Bila amri hiyo vihenge hufunguka na kujimwaga mchana na usiku, na mtu hukonda akiwa anakula. Kule kukonda tulikokupigia makofi, ndugu yangu, kulikuwa ni kuugua.

Na sehemu ya pili ni yetu sote. Jicho haliwezi kuona mafuta yamelala wapi. Yuko mnene ambaye vihenge vyake vinatosha na damu yake ni safi. Yuko wa kadiri ambaye ini lake limejaa. Yuko mwembamba ambaye kongosho lake limechoka. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na kipaza sauti, na bado nilipima sukari ya mwenzangu kwa macho. Naomba radhi mbele yenu wote.

HALI YA HUKU KWETU

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980 labda ingekuwa hivyo. Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walipima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, jirani zetu hapa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha wenye kisukari chini ya 1 katika kila 100. Mwaka 2012, ule mwaka mkoa wetu wa Simiyu ulipoanzishwa, uchunguzi wa taifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu 9 katika kila 100. Njia za kupima hazikuwa moja, kwa hiyo tusizilinganishe kama bei za sokoni, lakini mwelekeo wake unaonekana. Na kwa upande wa uzito, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa 18 katika 100 katika uchunguzi wa 2004 na 2005, wakawa 28 katika ule wa 2015 na 2016, na 36 mwaka 2022.

Jeni zetu hazikubadilika katika miaka 20. PPAR-gama tuliye naye ni yuleyule aliyekuwa na babu zetu waliochunga kutwa nzima na kunywa uji wa mtama. Kilichobadilika ni mavuno tunayomletea. Mzee wangu alitembea kwa miguu kutoka Dutwa kufuata ng'ombe mmoja. Mimi hupanda pikipiki kwenda dukani kununua soda. Fundi yuleyule sasa anajengeshwa usiku na mchana.

Vijana, sikilizeni hili. Mwaka 2008 watafiti wa Stockholm, wakiongozwa na Kirsty Spalding, walionyesha kwamba idadi ya seli za mafuta za mtu huwekwa zaidi utotoni na ujanani, kisha hukaa karibu palepale. Kila mwaka kama sehemu moja ya kumi hufa na kujengwa upya. Mtu mzima akipungua uzito, vihenge vyake hupungua ujazo, havibomoki. Ndiyo sababu unene hurudi upesi. Basi ninyi ndio mnaoweka hesabu hiyo sasa, hapa shuleni, kwa mnachokula na kwa mpira mnaocheza au msiocheza.

Nasi wenye vitambi tusikate tamaa. Kupunguza ujazo kunasaidia sana, kwa sababu mafuta ya ini ndiyo hutangulia kuondoka. Katika jaribio lililotangazwa Uingereza mwaka 2017, wanene wenye kisukari cha miaka michache walipunguza uzito kwa chakula maalumu chini ya uangalizi, na baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao sukari ilirudi kawaida bila dawa.

Ndugu Mwenyekiti, nina mapendekezo matatu, na naomba yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

La kwanza: kuanzia mkutano ujao, kabla ya chakula na kabla ya hotuba, kila mwanachama apimwe sukari na shinikizo la damu, mnene na mwembamba bila ubaguzi. Kipimo ni tone moja la damu la kidoleni. Mimi nitalipia vijiti vya kupimia vya mwaka wa kwanza, nikiwa ndiye mwenye deni.

La pili: mtu yeyote kati yetu mwenye kiu isiyokwisha, anayekwenda haja ndogo mara nyingi usiku, au anayekonda bila sababu, asisubiri mkutano. Aende akapime wiki hii. Na mwenzake akimwona hivyo asinong'one, ampeleke.

La tatu: mchezo wa kulinganisha picha uendelee, maana unafurahisha. Lakini asiwepo tena wa kushika kipaza sauti akagawa afya na magonjwa kwa kutazama suruali za watu.

Mwenzetu, naona umekaa pale karibu na mlango na fimbo yako. Jana jioni uliniambia kuwa sukari yako sasa inatulia, na kwamba daktari amekuruhusu kutembea raundi moja ya uwanja. Kesho alfajiri nitakuwa pale uwanjani nikusubiri. Meta 400, polepole, na kitambi changu kitakuwa nyuma yako kama zamani.